Cheti cha Bima cha Nyakundi

Mtu akikuletea fomu ya bima ya elimu, kabla hujashika kalamu jiulize swali moja: mimi nakatwa kodi ya mshahara, au sikatwi? Ninyi vijana mnaopanga vyumba vyangu hapa Kabianga mnanicheka nikisema hivyo. Mnamaliza chuo, mnapata kazi, mnapata watoto, kisha mnanipigia simu: "Mama Ploti, pesa ya shule ya mtoto tuiweke wapi isiliwe na kodi?" Mnaniuliza kwa sababu mnajua nilikuwa karani wa mishahara kwenye shamba la chai upande wa Kericho kwa miaka thelathini na miwili. Nawajibu kwa simu, lakini kuna jambo huwa siwaambii. Leo nitawaambia lote, na nitaanza na sehemu ya kuchekesha ili nipate nguvu ya kufika kwenye ile nyingine.

Siku moja alikuja kijana wa kuuza bima, suti ya bluu na viatu vyenye ncha. Alisimama kwenye kituo cha kupimia majani wakati wachumaji wanateremsha vikapu. Mvua yetu ya saa nane ilikuwa imeanza, kwa hivyo akina mama hawakuwa na pa kwenda. Akawahubiria.

"Akina mama, hii bima ni ya karo ya watoto. Na serikali yenyewe inakurudishia kodi! Asilimia kumi na tano ya kile unacholipa!"

Mama Chebet, mchumaji wa siku nyingi, alikuwa anakamua maji kwenye leso yake. Akamwuliza polepole, "Wewe kijana, hiyo kodi mnataka kunirudishia, mlinikata lini?"

Kituo kizima kikacheka. Yule kijana akanigeukia mimi niliyekuwa na vitabu vya mizani, kama mtu anayezama. Lakini Mama Chebet alikuwa amesema kweli tupu. Mshahara wake ulikuwa mdogo, chini ya kile kiwango cha kukatwa kodi. Kwenye karatasi yake ya mshahara, mstari wa PAYE, ile kodi ya mshahara, ulikuwa na sufuri kila mwezi. Nafuu ya kodi hupunguza kodi unayokatwa, na kama hukatwi, hakuna cha kupunguza. Bima ingeweza bado kumfaa kwa mambo mengine, lakini ile ahadi ya kodi haikuwa yake. Mama Chebet aliweka akiba yake kwenye sacco, na watoto wake watatu wakasoma. Kwa hiyo usikubali mtu akuuzie nafuu isiyokuhusu.

Lakini walikuwepo waliokatwa kodi, na hao ndio walinihitaji mimi.

Mkuu wangu ofisini alikuwa Mzee Langat, mtu wa Kipkelion, mrefu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Jina langu, Bochaberi, lilimshinda. Aliniita Pochaperi tangu siku ya kwanza mpaka siku alipostaafu, na mimi sikumsahihisha kwa sababu lilikuwa tamu mdomoni mwake. Alinifundisha kazi yote. Alinifundisha kusoma karatasi ya mshahara kutoka chini kwenda juu, nianze na kile mtu anachopeleka nyumbani, kisha nipande nikiuliza kila mstari umechukua nini na kwa ruhusa ya nani. Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuifanyia mzaha. "Pochaperi, karatasi ya mtu ikifika leo, ifanyiwe kazi leo. Kesho kuna zingine."

Hapo ndipo alipoingia Nyakundi.

Nyakundi alikuwa fundi wa mashine za kukaushia majani pale kiwandani. Alikuwa Mkisii kama mimi, wa upande wa Nyamira, na kwa hivyo aliniita dada. Hakuwa anakubali kuketi ofisini, alisema atachafua kiti kwa grisi. Siku hiyo alikuja na binti yake Moraa, miaka minne, akamketisha juu ya meza yangu kama mzigo wa mayai. Mtoto akachukua muhuri wangu akajipiga mkononi, kisha akaninyooshea mkono nione.

"Dada," Nyakundi akasema, "huyu nataka asome mpaka mwisho. Mimi niliachia darasa la saba. Nimeambiwa kuna bima ya elimu, sijui nichukue ya miaka minane au kumi."

Mzee Langat alisikia kutoka meza yake. "Ataingia fomu wani baada ya miaka mingapi?"

"Kumi, mzee."

"Basi chukua ya kumi. Hiyo nafuu ya kodi inataka bima ya elimu ya miaka kumi au zaidi. Ukichukua ya minane utalipa vizuri, mtoto atapata pesa yake, lakini kwa kodi hawatakuhesabia kitu. Umekuja mapema, hiyo ni bahati. Wengi wanakuja mtoto akiwa darasa la sita."

"Na hiyo nafuu naipataje?"

"Kampuni itakupa cheti cha bima. Lete hapa. Pochaperi atakiingiza kwa hesabu, na kodi yako itashuka mwezi huohuo."

Nyakundi alifurahi sana. Alimbeba Moraa mabegani akatoka akiinama mlangoni ili mtoto asigonge kichwa.

Wiki chache baadaye alileta cheti. Ilikuwa tarehe ishirini na tano, na kila aliyewahi kufanya kazi ya mishahara anajua tarehe hiyo ilivyo. Simu zinalia, meneja anataka orodha, watu wa hesabu za majani wamechelewa. Nilikipiga cheti muhuri wa kupokelewa, nikaandika tarehe, nikamwambia, "Sawa ndugu yangu, nitaingiza." Nikakiweka kwenye droo ya chini mpaka mishahara iishe. Mishahara ikaisha. Mwezi mwingine ukaanza. Sikukitoa.

Mtaniuliza, hakuna aliyegundua? Sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wenu pia mtapotea. Malipo ya bima na nafuu ya kodi ni mistari miwili tofauti. Malipo ya bima yalikatwa vizuri kila mwezi, kwa sababu kampuni ya bima ilituletea orodha yake yenyewe. Nyakundi aliona bima inakatwa, akaamini kila kitu kiko sawa. Ile nafuu, iliyopaswa kupunguza PAYE yake, ilisubiri mimi niingize cheti. Mimi nilikuwa nimesahau. Mzee Langat aliamini nimefanya. Nafuu yenyewe ilikuwa bado jambo geni siku hizo, na watu hawakuzoea kuitafuta.

Kila mwisho wa mwezi Nyakundi alichukua karatasi yake, akaweka kidole chenye grisi kwenye ule mstari wa bima na kuniambia, "Moraa yuko hapa." Nami nilicheka naye. Miaka sita na kitu nilicheka naye hivyo.

Kisha mama yake akaugua, kule nyumbani Nyamira. Daktari akasema afanyiwe upasuaji. Nyakundi akaomba mkopo wa sacco, na sacco ikamrudisha. Sheria yetu inasema makato yote yakijumlishwa, mfanyakazi lazima abaki na angalau theluthi ya mshahara wake. Yeye alikuwa amepungukiwa na kitu kidogo tu kufika hiyo theluthi. Alikuja ofisini jasho likimtoka, ingawa ilikuwa Julai na baridi ya Kericho mnaijua.

"Dada, nimekosa kitu kidogo sana. Nipunguze nini hapa ili mkopo upite? Mama anaumia."

Nilichukua karatasi yake. Na sikuisoma kutoka chini kwenda juu kama nilivyofundishwa. Nilirukia moja kwa moja yale makato aliyoyachagua mwenyewe. Kubwa lilikuwa bima.

"Simamisha hii," nikamwambia. "Kampuni itakurudishia kidogo, na mkopo utapita leo."

"Na Moraa?"

"Bado ana miaka mitatu kabla ya fomu wani. Ukimaliza mkopo utaanza nyingine."

Aliitazama fomu, akautazama uso wangu. "Sawa, dada. Wewe ndiye unajua." Akatia sahihi. Hata dakika kumi hazikuisha.

Vijana wangu, yako mambo mengi ningemwambia kabla ya ile kalamu kugusa karatasi. Ningemwambia aulize kampuni kama inaweza kupunguza malipo ya mwezi. Ningemwambia aulize kama anaweza kusimamisha malipo bila kuivunja bima, au kukopa dhidi ya pesa aliyokwisha kuweka. Kampuni nyingi zina njia kama hizo kwa bima iliyokaa miaka. Ningemkumbusha kwamba bima yake ilikuwa na kifungu kwamba mzazi akifa kabla ya muda, kampuni ingebeba malipo yaliyobaki na mtoto apate karo yake yote. Kifungu hicho nilikijua. Na zaidi ya yote, ningetazama mstari wa kodi. Sikuutazama, kwa sababu kodi tunaichukulia kama ile mvua ya saa nane, kitu kinachonyesha tu.

Mkopo ulipita. Mama yake alipasuliwa akapona. Nyakundi aliniletea ndizi mkungu mzima kutoka Nyamira, akauburuta mpaka mlango wa ofisi. Nilizila.

Miezi minane baadaye, asubuhi moja akifunga viatu aende kazini, presha ilimpanda akaanguka. Hakufika hospitali.

Tulimzika nyumbani kwao. Mkewe, Kerubo, alipopewa nafasi ya kusema, alishukuru kanisa, akashukuru kiwanda, kisha akanitafuta kwa macho kati ya watu. "Nataka kumshukuru huyu dada wa ofisini. Mama mkwe wangu yuko hai hapa leo kwa sababu yake." Watu wakapiga makofi. Moraa alikuwa ameketi karibu na nyanya yake, sasa msichana wa miaka kumi na miwili, na yeye pia akapiga makofi.

Wakati huo sikujua bado. Nilikuwa na huzuni tu ya kawaida, ya mtu aliyempoteza jirani mwema.

Nilijua mwaka uliofuata, tulipoletewa mfumo mpya wa kompyuta na kuambiwa tusafishe meza. Mzee Langat alikuwa amekwisha kustaafu. Nikatoa vitu vya droo ya chini: risiti, kalenda za zamani, pakiti ya chumvi. Chini kabisa kulikuwa na cheti cha Nyakundi, na muhuri wangu juu yake, na tarehe kwa mkono wangu.

Niliketi. Nikatoa karatasi yake ya mshahara ya ule mwezi wa mkopo, nikaingiza nafuu aliyostahili, nikapiga hesabu upya. Alikuwa amevuka theluthi. Mkopo ungepita bila kugusa bima. Bima ingekuwa hai siku alipoanguka. Nikapiga tena, nikitafuta kosa. Nilipiga mara nyingi.

Jumamosi hiyo nilienda Kipkelion kwa Mzee Langat. Alikuwa anakamua ng'ombe. Nilimweleza nikiwa nimesimama kwenye matope ya boma, naye hakuacha kukamua mpaka nilipomaliza. Kisha akasimama.

"Mama watoto anajua?"

"Hapana, mzee."

"Nenda umwambie. Ile bima imekwenda, lakini kodi aliyokatwa zaidi bado inaweza kudaiwa. Muda upo, si mrefu sana. Uende na hicho cheti, umsaidie kujaza. Ni pesa kidogo, lakini ni yao. Na apate kujua."

Nikasema nitaenda. Na ninyi mnaonisoma, nataka mjue ukweli huu kuliko ule wa droo. Kusahau kunaweza kumpata mtu yeyote. Lakini mimi nilikaa na kile cheti nikijua. Nafasi ya Mzee Langat ilikuwa bado haijapewa mtu, na mimi nilikuwa naitaka. Binti yangu mwenyewe alikuwa chuo. Nilijiambia nikipandishwa cheo nitaenda. Nikapandishwa. Nikajiambia nitaenda baada ya Krismasi. Mzee Langat alinipigia simu siku moja akaniuliza, "Ulienda?" Nikamjibu, "Nimeongea naye, mzee." Akasema, "Umefanya vizuri, Pochaperi." Mpaka leo anaamini hivyo.

Sheria inatoa miaka mitano kudai kodi uliyolipa zaidi. Niliihesabu ikipita, mmoja baada ya mwingine.

Kerubo alitoka nyumba za kampuni, kama inavyokuwa mwenye kazi akifa, akahamia Kedowa kwa dada yake. Moraa alifika kidato cha pili, karo ikakatika. Niliyasikia hayo kwa watu. Mara moja nilituma mchango wa muhula mmoja kupitia kanisani, bila jina, nikajiona nimefanya kitu. Sikuwa nimefanya kitu.

Kwa hivyo mkiajiriwa, msimwachie karani maisha yenu, hata awe anawaita ndugu. Cheti cha bima kikitoka, peleka ofisini, na mwezi unaofuata tazama kama PAYE imeshuka. Haikushuka, rudi. Usione haya kurudi mara tatu. Kila mwaka mwajiri hukupa ile fomu ya P9 inayoonyesha mapato na kodi yako yote. Usiiache kwenye simu bila kuisoma. Tafuta mstari wa nafuu ya bima. Kama mstari huo uko wazi na unalipa bima inayostahili, unaweza kuidai mwenyewe unapowasilisha ritani zako za kodi, cheti ukiwa nacho mkononi. Na usivunje bima ya mtoto kwa shida ya mwezi mmoja kabla hujauliza watu wawili. Sheria hizi hubadilishwa na bajeti, kwa hiyo msiniamini mimi pia. Ulizeni upya.

Mwaka jana Kerubo alifariki. Nilipata habari siku tatu baada ya mazishi. Nililia jikoni, na sikuwa namlilia Kerubo peke yake. Nilijua sasa amebaki mtu mmoja wa kumwambia, na kwamba nikichelewa tena nitakuwa nimechagua.

Nilimkuta Moraa kando ya barabara pale Kedowa, ambako anauza viazi, kabeji na karoti chini ya turubai. Ana mabega ya baba yake. Alinitambua, akanifutia kiti cha plastiki.

"Karibu, mama. Umekuja kutupa pole?"

"Nimekuja kwa hiyo, na kwa jambo lingine."

Sikuketi. Nilitoa cheti kwenye bahasha nikampa, nikamweleza yote, kuanzia tarehe ishirini na tano mpaka boma la Mzee Langat, mpaka uongo niliomwambia. Sikuacha kitu. Magari yalipita. Alisoma jina la baba yake, akalifuata kwa kidole.

"Mama yangu alikuwa anakuombea," akasema. "Kila siku. Ulijua?"

"Sikujua."

"Ilikuwa pesa ngapi?"

"Bima?"

"Hapana. Hiyo yenye hukuweka. Kwa mwezi."

"Mia nne na hamsini."

Alinyanyua macho. Mbele yetu kulikuwa na ndoo za viazi zimepangwa kwa mstari, zimejazwa mpaka zikawa na vilima. Alizitazama.

"Ndoo moja ya waru," akasema.

Gari likasimama na mwanamke akateremsha kioo. "Ndoo ni pesa ngapi?"

"Mia nne na hamsini," Moraa akamwambia.

"Punguza kidogo, nichukue mbili."

"Haipungui, mama."

Yule mwanamke akakubali, akafungua buti. Moraa alikunja cheti akakitia mfukoni mwa aproni, akachukua gunia tupu, kisha akanigeukia. Uso wake haukuwa na hasira ninayoweza kuieleza, wala upole.

"Nishikie," akasema.

Nikashika mdomo wa gunia kwa mikono miwili, naye akainua ndoo akamimina.